Maji Yanayojua Kungoja

Jumapili, 1 Oktoba 1989. Matiliku.

Nimeanza daftari jipya kwa sababu siwezi kukaa kitini. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachonilisha: wiki nzima nakifundisha shuleni, na Jumapili nasimama kando ya wahubiri wageni nikigeuza Kiswahili chao kuwa Kikamba. Watu husema Mwalimu Nzomo hakosi neno. Leo mhubiri alitoka Nakuru. Alisema mambo matatu, mimi nikasema matano, na yangu ndiyo yaliyoitikiwa amina.

Baada ya chakula Nthenya, mke wangu, aliosha vyombo, akakausha mikono, akaniambia majibu ya vipimo yametoka. Damu yake na ya kaka yake Kisilu zinapatana. Anaweza kumpa figo moja. Alisema hivyo kama mtu anayenijulisha kwamba sukari imekwisha. Nikasema vizuri, nikatoka nje kutazama mawingu. Hayakuwepo.

Figo za Kisilu zimekufa zote mbili. Tangu Machi anakaa Nairobi kwa binamu yao, na kila wiki anafungwa mara mbili kwenye mashine ya kusafisha damu. Bila mashine hana siku nyingi. Naandika hili wazi ili nisije nikajidai sikujua: shemeji yangu anakufa, na dawa yake iko ndani ya mke wangu.

Simpendi sana Kisilu. Hununua mbuzi Tseikuru na kuwauza soko la mji wa Wote. Mimi aliniuzia beberu asiyezalisha, na nilipolalamika akaniambia mbele ya watu nimweleze beberu kwa Kiswahili, labda hajaelewa kazi yake.

Jumanne, 3 Oktoba.

Hakuna wingu. Shamba limelimwa, mbegu ziko chini ya kitanda. Nimenoa jembe ambalo lilikuwa limenolewa jana.

Alhamisi, 5 Oktoba.

Baba amekataa. Boma lake limepakana na letu, kwa hiyo hakuna habari inayomchelewea. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni.

"Huyu msichana tulienda kwao tukamwomba," akasema. "Wakatupatia, akakuja na mwili mzima. Sasa kipande kinarudi kwao. Kinarudi na njia gani?"

"Hakirudi, baba. Ni kumsaidia kaka yake."

"Mbuzi ikichinjwa hapa, figo ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi."

Ni kweli. Katika ukoo wetu figo za mbuzi huchomwa na kupelekewa Mzee Ndululu peke yake, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini. Hospitali inataka sahihi ya mume. Nimemwambia Nthenya siwezi kutia sahihi kabla baba hajakubali. Alichukua mtungi akaenda mtoni kuchimba maji mchangani, ingawa mtungi wa nyumbani ulikuwa umejaa.

Jumamosi, 7 Oktoba.

Tumeenda Nairobi na kurudi. Daktari anaitwa Faki, mtu wa Pwani. Kiswahili chake kinatoka bila jasho, nami nilijikuta nachagua maneno kama mtahiniwa.

Nilimuuliza jambo linalonikosesha usingizi. Figo ikishatoka kwa Nthenya na kabla haijaingia kwa Kisilu, inakaa wapi?

"Mwalimu, figo ikitoka mwilini yashikwa na njaa," akasema. "Ina joto, na chenye joto chataka kula. Ukiiacha hivyo yafa. Kwa hiyo twaitia baridi, ipate kutulia."

"Si mngeiweka kwenye barafu tu?"

"Barafu peke yake haitoshi. Umewahi kuloweka maharagwe? Maji matupu huingia ndani, maharagwe yakavimba hata ganda likapasuka. Chembe za figo ndivyo zilivyo. Sisi tuna maji yetu maalumu, yametiwa chumvi na sukari kwa kipimo. Yafanana na maji yaliyomo ndani ya chembe zenyewe, basi hakuna cha kuvimbisha. Twayapitisha kwenye mshipa wake, baridi hasa, hata damu yote itoke, figo iwe nyeupe. Hapo yaweza kungoja."

"Kungoja nini?"

"Kungoja mwenyewe mpya."

Maji hayo huja kwa ndege kutoka Ulaya, yakiwa kwenye mifuko. Tumepewa tarehe 25. Njiani Nthenya alilala begani kwangu. Mimi nilikuwa nawaza damu yote kutoka, na ile rangi nyeupe.

Jumapili, 8 Oktoba.

Ushindi. Baada ya ibada baba aliwaita wazee wa mbari nyumbani kwake, nikasimama mbele yao kueleza. Nilieleza kisu, kitanda, uzi. Wakasikiliza. Kisha nikafika kwenye yale maji.

Hapo nilikwama. Chumvi na sukari? Hata mama aliyejifungua juzi amefundishwa kliniki kwamba maji ya chumvi na sukari hupewa mtoto anayeharisha. Wangecheka. Nikawa natafuta neno la Kikamba lenye uzito, neno la kitu kinachosafisha kabisa, na likaja lenyewe mdomoni. Nikasema figo itatiwa ng'ondu.

Ng'ondu ni dawa ya wazee wa zamani, ya kunyunyizia mtu au nyumba ili uchafu wa kifo au wa kosa uondoke. Baba aliegemea fimbo yake.

"Damu inatoka yote?"

"Yote. Inakuwa nyeupe."

"Na inawekwa ng'ondu."

"Ndiyo, baba."

"Basi damu yetu inabaki hapa. Ile kitu inaenda, inaenda ikiwa safi, si ya boma yetu tena. Haina maneno."

Wazee wakaitikia. Nimerudi nyumbani nikitembea kama niliyepandishwa cheo. Nthenya aliuliza nilisemaje hadi wakakubali. Nikamwambia nilieleza vizuri.

Alhamisi, 12 Oktoba.

Neno limefika kwa mama mkwe.

Anaitwa Kalunde, anakaa ng'ambo ya Wote, na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Aliacha mambo ya ng'ondu alipookoka, na kwa kuyaacha alitengwa na ndugu zake. Nthenya alikwenda kumjulia hali, akarudi na uso uliofungwa.

"Mama anasema Kisilu hawezi kuwekwa kitu ya ng'ondu kwa tumbo. Anasema heri Mungu amchukue akiwa safi."

"Lakini si ng'ondu."

"Nani alisema ni ng'ondu?"

Niliinama kufunga kamba za viatu.

"Nzomo, si ungesema maji tu?"

Kisilu hubishana na dunia nzima, lakini mama yake akisema neno habishi tena. Amempelekea daktari habari kwamba asubiri kwanza.

Jumamosi, 14 Oktoba.

Joto. Nimempigia kelele kuku.

Jumanne, 17 Oktoba.

Ningemwendea mama mkwe mwenyewe, lakini kuna nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe. Nikimkuta njiani napita kichakani. Hatujawahi kukaa benchi moja, hata harusini kwetu. Wokovu umebadilisha mambo mengi Ukambani, hilo haujaligusa. Sasa naanza kulipenda, kwa kuwa linanipa sababu ya kutokwenda.

Jumatatu, 23 Oktoba.

Simu imepigwa posta Wote, ujumbe ukaletwa na kondakta. Tarehe 25 imefutwa. Maji hayajafika, na daktari hajui yatafika lini. Hataki kumpasua mtu asiye mgonjwa bila maji hayo mkononi.

Kwa hiyo hata mama mkwe akikubali leo, hakuna maji. Na mbegu zipo, hakuna maji. Nthenya alicheka niliposema hivyo. Mimi nilihisi kitu kama nafuu, na nafuu hiyo imenichukiza siku nzima.

Jumapili, 29 Oktoba.

Mhubiri mgeni. Nimesema naumwa koo.

Jumatatu, 30 Oktoba.

Mvua. Ilianza alfajiri ikipiga mabati, na kulipokucha Matiliku nzima ilikuwa shambani. Tumepanda mahindi na ndengu hadi jua kushuka. Nthenya alikuwa mbele akichimba mashimo, mimi nyuma nikitia mbegu. Kila alipoinama nilitazama ubavu wake wa kushoto. Hapo ndipo watakapokata. Nilipoteza hesabu ya mbegu, shimo moja nikatia kiganja kizima.

Jumapili, 5 Novemba.

Leo Kisilu amefika. Alishuka kwenye lori la mahindi mbele ya duka, na sikumtambua. Uso umevimba, miguu haiingii viatuni, amevaa ndara za mtu mwingine. Nilimshika mkono hadi nyumbani. Zamani mkono ule ungeinua mbuzi juu ya lori peke yake.

Alikaa barazani akitazama mvua. Nthenya aliingia jikoni kupika.

"Mwalimu, yule beberu wako ako wapi?"

"Tulimla."

"Ulipewa figo?"

"Alikula baba."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kukohoa. Nilimuuliza kwa nini ameacha mashine. Akasema amechoka kurudi kutoka mle akiwa mkavu kama kuni, na kesho yake kuanza kujaa tena.

"Mama anasema hapana, baba yako anasema ndiyo, na zote ni sababu ya neno moja," akasema. "Mimi niko katikati. Wewe shemeji unaogopa nani?"

"Baba."

"Uongo. Baba yako alikubali kitambo, na bado karatasi haina sahihi yako."

Mvua ilikuwa kubwa, angeweza kusikia au asisikie. Nilisema. "Naogopa Nthenya alale kwenye meza ya upasuaji asiamke. Naogopa nibaki na nyumba hii na mfuko wa mbegu. Wewe ukipona na yeye akafa, sitaweza kukutazama."

Aliitazama miguu yake iliyovimba.

"Hata mimi naogopa hiyo," akasema. "Ndiyo nimekuja. Nimekuja kumwambia awache."

Sikujua kwamba kelele za jikoni zilikuwa zimekoma. Nthenya alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mnaogopa, mnaogopa. Hakuna mtu ameniuliza mimi naogopa nini." Hakupaza sauti. "Mimi naogopa kaka yangu achimbiwe shimo na hiyo jembe mwalimu ananoa kila siku. Kisilu, kesho asubuhi unarudi kwa mashine. Na wewe Nzomo, kesho unaenda kwa mama. Ulitoa neno, ulirudishe."

Tukala. Kisilu alikunywa kikombe cha maji kwa kijiko, kwa kuwa haruhusiwi mengi, huku mvua ikimwagika mbele yake uwanja mzima. Nilimtazama akimeza. Chuki yote niliyokuwa nayo sikuiona ilikokwenda.

Jumatatu, 6 Novemba.

Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda. Mama mkwe alinisikia nikibisha kwenye ua, akabaki ndani. Mimi nilisimama nje chini ya ukingo wa paa, mgongo ukilowa. Tukazungumza kupitia ukuta.

Nilimwambia si ng'ondu. Hakuna mganga, hakuna majani, hakuna mbuzi. Ni maji yenye chumvi na sukari, baridi sana, ya kuizuia figo isife ikiwa njiani. Nilimwambia nililitumia neno lile kwa sababu nilitaka nionekane na neno kubwa mbele ya wazee.

Kisha sauti kutoka ndani: "Mwaka ule wa mzungu wa mkutano, alisema nini?"

"Mama?"

"Yule alifanya nikaokoka. Wewe ndiye ulikuwa unatugeuzia. Alisema yale ulisema, ama ulitafuta neno kubwa?"

"Alisema hayo, mama. Mimi niliongeza kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Ile ya mto unaobeba dhambi zote."

Nilisikia kitu kama pumzi, sijui kama alicheka au alilia. "Mimi nilishikwa na ile ya mto," akasema. "Nitakuja Nairobi siku hiyo, niangalie mwenyewe. Sikusema ndiyo. Nimesema nitakuja."

Jioni nilikwenda kwa baba nikamwambia yaleyale. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kama si ng'ondu, basi narudisha neno langu," akasema, akaingia ndani na kiti chake.

Nimerudi na kutia sahihi. Jina langu lilisomeka Nzamo. Nthenya alilitazama, akaikunja karatasi, akanitilia uji.

Jumatano, 15 Novemba.

Baba amepita mbele ya nyumba na mwavuli. Hakusalimu. Mahindi yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Jumapili, 19 Novemba.

Mvua. Palizi. Maji hayajafika.

Jumamosi, 25 Novemba.

Shimo lenye kiganja kizima limeota kichaka. Nthenya ameng'oa mahindi ya ziada bila kuuliza. Maji hayajafika. Kisilu hatoki kitandani ila kwenda kwenye mashine.

Ijumaa, 1 Desemba.

Maji yamefika. Kondakta alinipa habari akiwa mlangoni mwa gari. Nilisimama barabarani katika mvua, na mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 7 Desemba. Nairobi.

Ni ya jana, jana sikuweza kushika kalamu.

Walimchukua Nthenya asubuhi. Alinivulia pete akanipa, akasema nimkumbushe mama kula. Mlango ukafungwa. Ukumbi ulikuwa na benchi moja tu. Mama mkwe alikuwa amelikalia, nami nikasimama ukutani mbali, nikitembea hadi dirishani na kurudi, dirishani na kurudi, mpaka mwanamke wa usafi akaniomba niache kukanyaga alipopiga deki.

Mchana Daktari Faki alitoka, barakoa ikiwa shingoni. Nilimwona usoni nikajua mambo si mazuri.

"Mkeo yuko salama," akasema upesi. "Ashashonwa, apumua vizuri. Figo tumeitoa, nayo ni nzuri. Taabu ni ndugu yake. Presha yake imeanguka ghafla. Hatuwezi kumwekea sasa, twataka kwanza moyo wake utulie."

"Na figo?"

"Iko kwenye beseni la barafu, ndani ya maji yake. Nyeupe. Yangoja."

Akarudi ndani. Nikashikwa na hasira sijawahi kuwa nayo. Imetoka kwa mke wangu na haijaingia kwa mtu. Si ya boma letu, si ya kwao. Nyama ya Nthenya, peke yake kwenye beseni, na kinachoizuia isife ni yale maji niliyoona haya kuyataja mbele ya wazee. Nikaketi, na nilipokwisha kuketi nikaona nimeketi kwenye benchi la mama mkwe.

Niliinuka. Alinishika koti.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Kati yetu palikuwa na mkoba wake na Biblia. Hakunitazama, aliutazama ule mlango.

"Hiyo maji," akasema. "Inaweza kungoja?"

"Inaweza, mama. Daktari alisema ndiyo kazi yake."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Zaidi ya sisi."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi iite unavyotaka," akasema. "Ingoje tu mtoto wangu."

Alifungua mkoba akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akanipa kimoja, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyepaswa kumkumbusha kula. Tulikula mlango ukiwa umefungwa. Tulikaa hapo hadi taa za ukumbi zikawashwa. Daktari alipotoka mara ya pili alikuwa na kofia mkononi, na alianza kusema kabla hajatufikia. Moyo ulitulia, wameiunganisha figo, damu ilipoingia ile nyeupe ikageuka waridi mbele ya macho yao, na hata kabla hawajamshona Kisilu mkojo ukaanza kutoka.

Mama mkwe alinigeukia kama sikuelewa Kiswahili. "Amekojoa," akasema. Kisha akalia, kichwa kikiwa begani kwangu, licha ya nthoni yote.

Jumapili, 17 Desemba.

Nthenya bado yuko wodini, anatembea ameinama. Mama mkwe amesimama kanisani kwao akatangaza kwamba Kisilu amekojoa chupa nzima. Waumini wakaitikia amina.

Jumamosi, 30 Desemba.

Nthenya yuko nyumbani. Haruhusiwi kuinua kitu. Ameinua sufuria mara mbili nikiwa namtazama.

Jumamosi, 13 Januari 1990.

Tumemaliza kuvuna ndengu. Mvua imekwisha, anga limerudi kuwa jeupe. Baba hajasema nami tangu ile siku ya Novemba, na leo asubuhi nilimsikia akichinja mbuzi. Sikuitwa. Nikajiambia yaishe, nimezoea.

Mchana akanipigia mluzi kutoka uani kwake. Nilimkuta amesimama na sahani ya bati iliyofunikwa na jani la mgomba. Alinipa bila kunitazama.

"Mpelekee bibi yako," akasema. "Mwambie amerudishiwa."

Nililifunua jani njiani. Figo moja, imechomwa vizuri, na chumvi kando. Nilisimama hapo kwenye mabua ya mahindi hadi macho yakakauka.

Nthenya aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaelewa. Alicheka akijishika ubavu kwa maumivu. Akaketi, akaila yote, polepole, akaramba vidole.

"Mwambie baba ni tamu sana," akasema, "lakini mbona hii haikuoshwa kama yangu?"

Nilirudisha sahani. Baba alikuwa bado amesimama palepale uani, akijifanya anatazama kwato za mbuzi.

"Amesema nini?"

"Amesema asante, baba," nikatafsiri.